Mgeni Rasmi Aliyefika kwa Wakati

Usiku wa jana niliota, na msianze kuniuliza nilikula nini, kwa sababu nililalia chai ya rangi na kiazi kimoja. Mtu mwenye mawazo hali. Mdogo wangu Yusta amejifungua kabla ya miezi kutimia, na binti yake, ambaye hata jina hana, yuko hospitali ndani ya mashine ya joto. Ni mdogo kiasi kwamba nilipopelekwa kumwona nilikuwa namtazama huku nauliza mtoto yuko wapi. Na hapa Njombe baridi ya mwezi wa saba haina adabu kwa watu wazima, sembuse kwa njiti. Wengine hulala wakiwaza mambo makubwa, mimi nililala nikiwaza umeme usikatike. Taa ya chumbani niliiacha inawaka makusudi, nikifungua jicho nijue mashine ya mtoto nayo inafanya kazi.

Jina langu ni Odilo Mgaya na kazi yangu ni ushereheshaji. Harusi, kipaimara, uzinduzi wa kisima, uzinduzi wa choo cha soko, maiki nashika mimi. Nimewahi kusherehesha uzinduzi wa geti, na geti lenyewe lilikuwa halina ukuta.

Basi, kwenye ndoto niko uwanja wa mpira, asubuhi, jua jeupe. Maturubai yamefungwa, viti vya plastiki vimevalishwa magauni. Juu ya meza kuu kuna bango: UZINDUZI WA MAANDALIZI YA KUJIKINGA NA DHORUBA YA JUA. Chini yake, kwa herufi za kijani: Kaulimbiu, Jikinge Leo, Kesho Ipo.

Mwenyekiti wa kamati, Injinia Remigius Mligo, ananijia mbio. Kifuani ana beji kubwa kiasi kwamba lazima aiinue kwa mikono miwili ndipo aone anapokanyaga.

"Emsii, umechelewa."

"Sijachelewa, Injinia. Ndoto ndiyo imeanza sasa hivi."

"Basi shika ratiba."

Nikamuuliza hiyo dhoruba ya jua ni kitu gani, maana mimi siwezi kusherehesha kitu nisichokijua. Choo nilikuwa nakijua.

"Jua likichafukwa tumbo linatapika," akasema Injinia. "Matapishi yake ni wingu lenye sumaku. Likifika duniani linaingia kwenye nyaya ndefu za umeme, nyaya zinalipeleka kwenye transfoma, transfoma inaungua. Satelaiti zinapotea njia, simu zinakufa, marubani wanaulizana wako wapi. Dawa yake ni kuzima mitambo mapema. Dhoruba inapita, tunawasha, tunaendelea na maisha."

"Na swichi ya kuzimia iko wapi?"

"Ile pale."

Katikati ya uwanja kulikuwa na swichi kubwa kama mlango wa kanisa, imefungwa utepe mwekundu wenye ua. Pembeni yake, juu ya nguzo mbili, alikaa Transfoma, mnene, mtulivu, kakunja mikono tumboni.

"Si uizime sasa hivi?" nikauliza.

Injinia alinitazama kana kwamba nimeshauri wageni wale chakula kabla ya hotuba. "Bila mgeni rasmi? Odilo, zoezi ambalo halijazinduliwa si zoezi."

"Mgeni rasmi ni nani?"

"Tulitaka mtu mwenye uzito katika sekta. Wa kwanza aliomba udhuru. Wa pili alituma mwakilishi, na mwakilishi akatuma mwakilishi wake. Mwishowe kamati ikajiuliza, kwenye masuala ya dhoruba ya jua, nani ana uzito kumshinda Dhoruba mwenyewe? Tukampelekea kadi. Amekubali siku hiyo hiyo."

"Injinia, mmemwalika Dhoruba aje kuzindua kujikinga na Dhoruba."

"Kwa heshima zote."

"Akishafika si tumekwisha?"

Hapo Injinia akatabasamu, akaniwekea mkono begani. "Wewe mzoefu wa shughuli hizi. Kwenye kadi tumemwandikia saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi akiandikiwa saa tatu, anafika saa ngapi?"

"Saa saba," nikasema, maana kwenye mambo ya kazi yangu sijui kudanganya.

"Umeona. Kwa hiyo tuna muda mrefu tu wa kujikinga kabla hajafika."

"Lakini swichi si anaizindua yeye?"

Injinia aliinua beji, akatazama chini, akairudisha. "Hilo litajadiliwa kwenye kikao cha tathmini," akasema.

Getini kulikuwa na mabishano. Kijana mmoja mwembamba, amevaa nguo nyeupe zinazoumiza macho, anazuiwa na walinzi.

"Mimi ni Mwanga," anawaambia. "Natoka kwenye Jua. Kule mpaka hapa ni dakika nane, na nimesimama hapa tangu jana. Nimekuja kuwaambia anakuja."

"Beji yako iko wapi?" anauliza mlinzi.

"Mimi ni mwanga. Umeniona, basi ujumbe umefika."

"Kukuona tumekuona. Beji."

Nikataka kwenda kumtetea, lakini kitu kikaanguka juu ya turubai, kikaviringika, kikatua mbele yangu. Ni Satelaiti. Bawa lake moja limepinda na anachechemea.

"Pole," nikamwambia.

"Hewa ya huko juu imevimba kwa joto," akasema. "Nilikuwa napita njia yangu ya kila siku, nikajikwaa. Sasa sikiliza, emsii, mimi ndiye huwa nawaambia watu wako wapi. Kwa sasa sijui. Msije mkanilaumu."

Alipomaliza kusema tu, uwanja ukaondoka. Tuko ndani ya bucha la soko kuu, maturubai na wote, meza kuu imepangwa chini ya miguu ya ng'ombe inayoning'inia. Hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja wa kamati alisogeza utumbo pembeni akaweka chupa za maji. Satelaiti akapiga chafya, tukarudi uwanjani.

Na hapo, saa tatu kamili, Dhoruba akafika.

Nataka mnielewe. Katika miaka yangu yote ya kushika maiki sijawahi kuona mgeni rasmi anafika saa iliyoandikwa kwenye kadi. Wanakamati walishikwa na butwaa, wengine walikuwa bado wamevaa kandambili. Wapishi walilia. Mtu wa spika alizima muziki kwa woga akasimama kama anapigiwa wimbo wa taifa.

Alikuwa mama mrefu kupita turubai, amevaa gauni jekundu lenye upindo wa kijani, na gauni lenyewe liliendelea kuingia uwanjani muda mrefu baada ya yeye kuketi. Anga lote likawa la rangi hizo. Wapambaji wakaanza kupeana mikono, wakisema kazi yao imetoka vizuri.

"Kamwene," akatusalimia Dhoruba kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya redio iliyokosa stesheni.

"Kamwene," tukaitikia.

Wakamvisha ua kifuani, likawa majivu. Wakamvisha la pili. Kisha wakamkalisha kwenye kiti kikubwa chenye foronya nyekundu, kimeelekezwa kusini ili mgeni rasmi asipigwe na jua machoni. Hivyo ndivyo itifaki ilivyoamua.

Alipokaa tu nikasikia mlango unalia. Nikatazama juu. Mbinguni kuna mlango, sikuwahi kuuona, na sasa uko wazi, unapigwapigwa na upepo.

"Emsii," akaita Transfoma kutoka kwenye nguzo zake. Hakuinua sauti. "Ule ni mlango wa dunia. Nao una sumaku. Huyu mama akielekea kaskazini, unabaki umefungwa, anapita pembeni kama mpita njia yeyote. Akielekea kusini unafunguka wenyewe, anaingia hadi jikoni. Waambie wageuze kiti."

Nikamwendea Injinia, nikamnong'oneza.

"Haiwezekani," akasema. "Mpango wa viti umeshasainiwa."

"Na nani?"

"Na wote waliokaa."

Basi nikashika maiki nikiwa na nia moja tu, ya kumpeleka yule mama kwenye utepe haraka, swichi izimwe, mambo yaishe. Nikafungua mdomo. Simu yangu ikalia mfukoni.

Alikuwa Yusta. "Kaka, nimesikia mnataka kuzima umeme."

"Ni kwa muda tu, mdogo wangu."

"Mtoto yuko kwenye mashine. Mashine ikizima atapata baridi. Unamjua alivyo, kaka, mgongo wake wote unaenea kwenye kiganja changu." Nikasikia anajizuia kulia. "Usiwaruhusu. Wewe ndiye mwenye maiki."

Nikakata simu. Nilikuwa na mwanamke mmoja wa moto mbele yangu na mwingine sikioni, na kati yao kulikuwa na ratiba. Nikaitazama ratiba. Kitu cha kwanza, Utambulisho.

Ndugu zangu, nilitambulisha. Maadamu natambulisha, utepe haukatwi. Maadamu utepe haukatwi, mashine inawaka. Nilitambulisha kamati ya maandalizi, nikatambulisha kamati ya maandalizi ya maandalizi. Nikatambulisha waliohudhuria, waliotoa udhuru, walioko njiani, na waliosema wako njiani lakini bado wanaoga. Nikaomba wasimame marehemu ambao wangependa kuwepo, wakasimama wawili. Mbuzi alikatiza uwanjani, nikamtambulisha yeye na ukoo wake.

Injinia akawa ananipenda sana. Kila mara ananisogezea karatasi: emsii, umemsahau mzee wa gesti, emsii, mtambue na yule aliyetuazima jiko.

Dhoruba alikuwa mvumilivu. Kila jina alilipigia makofi, na kila kofi lake taa moja ya barabarani ililipuka. Walimletea maji ya chupa, yakawa mvuke kabla hajafungua kizibo. Alishukuru hivyo hivyo. Kwa mbali nyaya zilikuwa zinavuma kama nyuki waliotupiwa jiwe.

"Odilo," akaita Transfoma. Sasa alikuwa anatokwa na jasho la mafuta, linatiririka kwenye nguzo. "Mimi si mtu wa kulalamika. Watu wamenigonga na malori, ndege wamejenga juu yangu, sikusema. Lakini mafuta yangu yameanza kuchemka."

"Vumilia kidogo."

"Navumilia. Nakueleza tu kitakachofuata. Nikiungua, wa kukaa mahali pangu hayupo nchini. Anatengenezwa ng'ambo, na huko kuna foleni. Akishatengenezwa anapanda meli, akishuka anatafutiwa gari la kumbeba, gari linaupanda mlima huu kwa mwendo wa kinyonga. Siku atakayofika, mpwa wako, kama yupo, atakuwa anakimbia."

"Umesema kama yupo."

"Nimesema kama yupo."

"Na ukizimwa?"

"Nikizimwa nalala. Huyu mama akipita mnaniamsha."

Niliogopa. Nasema wazi, maana kwenye ndoto hakuna wa kumficha. Niliogopa mpaka maiki ikawa inagonga meno. Nikiacha umeme uwake, Transfoma anaungua na mtoto anakosa umeme kabisa. Nikizima, anapigwa baridi sasa hivi. Na mimi katikati namtambulisha mzee wa gesti kwa mara ya pili.

Satelaiti akapiga chafya.

Tuko wodi ya watoto njiti. Meza kuu imebanana kati ya vitanda, wanakamati wamekunja magoti, Transfoma amesimama pale wanapowekaga ndoo za kunawia. Dhoruba ameketi karibu na dirisha, bado ameelekea kusini. Swichi imeegemea ukutani na utepe wake. Na Yusta yuko kwenye kistuli, mkono mmoja ameupitisha ndani ya mashine, kidole chake kimeshikwa na binti yake.

Nikachuchumaa. Nikamweleza yote: mlango, mafuta, meli, mlima.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hajawahi kunifanyia tangu tuzaliwe. Kisha akakasirika. "Wewe kaka kazi yako kuongea tu. Ukizima, huyu joto atapata wapi?"

Nikashusha maiki mapajani.

Yusta akamtazama Transfoma anavyotokwa jasho. Akamtazama mtoto. Akafuta uso kwa pindo la kitenge, akafungua mlango wa mashine.

"Vua koti," akaniambia.

"Hapa? Mbele ya mgeni rasmi?"

"Vua koti, fungua vifungo vya shati. Mikono yangu mimi imekuwa barafu, sijala wala sijalala. Wewe umeongea tangu asubuhi, umechemka kama jiko."

Nikavua. Akamweka mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akafunga shati juu yake, juu ya shati akazungusha kitenge na kukaza fundo mgongoni. Alikuwa na uzito wa viazi viwili. Nikasikia moyo wake unakimbia, kisha ukausikia wa kwangu ukapunguza mwendo.

"Sasa nenda kazime," akasema Yusta.

Nikasimama. Mkono mmoja nimeshika mtoto, mwingine maiki, nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu nianze kazi hii. Nikasema, "Itifaki imezingatiwa," halafu nikaruka vipengele. Niliruka neno la ukaribisho. Nikaruka ngonjera. Nikaruka risala, na msoma risala, aliyekuwa ameishika kwa mikono miwili kama sinia, akakaa chini akiwa amevunjika moyo kabisa.

"Namkaribisha mgeni rasmi," nikasema, "akate utepe."

Wodi nzima ikaguna. Injinia Remigius akainuka na beji yake. "Emsii, umerogwa? Utepe ukatwe bila picha? Kesho tutaonyesha nini?"

"Injinia, mafuta yanachemka."

"Yachemke, picha kwanza. Kandidus!"

Sasa Kandidus mimi namfahamu hata nikiwa macho. Ni mpiga picha, tunakutana kwenye shughuli zote, na ni mtu asiyemwogopa yeyote aliye mbele ya kamera yake. Amewahi kusimamisha mazishi ili jeneza ligeuzwe, kwa sababu kivuli kilikuwa kinakaa vibaya. Akatokea nyuma ya mapazia, mkanda shingoni, jicho moja tayari amelifumba.

Dhoruba alikuwa ameshainuka, mkasi mkononi, mgongo kwa dirisha. Transfoma alianza kutoa moshi. Yusta alinishika mkono wa koti, na koti sikuwa nimelivaa.

Kandidus akamtazama Dhoruba kuanzia juu mpaka chini, kisha akashusha kamera.

"Hapana, mama. Hapo siwezi."

"Huwezi nini?" akauliza Dhoruba.

"Umeligeuzia jua mgongo. Utatoka mweusi tii, sura haitaonekana, halafu watu waseme Kandidus hajui kazi. Geuka."

Watu wote walikoma kupumua. Hata mashine tupu ya mtoto ilipunguza mlio.

"Wewe," akasema Dhoruba taratibu, "unanieleza mimi habari za jua?"

"Namweleza kila mtu. Maharusi nawaeleza, maaskofu nawaeleza. Geuka, mama. Kidevu juu kidogo. Angalia kwenye jua lenyewe."

Na Dhoruba akageuka.

Mwezi wa saba, huku kwetu, jua hukaa upande wa kaskazini. Lilikuwa pale dirishani, jeupe, linaangalia ndani kama mtu anayetafuta mgonjwa wake wodini. Dhoruba akalitazama. Mkasi ukateremka taratibu mpaka usawa wa paja.

"Mama," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, na redio yote iliyokuwa kwenye koo lake ilikuwa imenyamaza. Kandidus akapiga picha. Juu, mlango wa mbinguni ukalia tena, ukajifunga. Transfoma akashusha pumzi ndefu, moshi ukakatika.

"Tangu nimetoka sikuwahi kugeuka nyuma," akaniambia Dhoruba, macho yake yakiwa dirishani. "Alitetemeka kidogo tu, nami nikachomoka. Haikuwa saa yangu. Hata kuaga sikuaga. Watu wanadhani nakuja kwa hasira, emsii. Mimi nilikuwa natafuta pa kufikia."

Nikatafuta jibu kwenye ratiba. Halikuwepo.

Kisha akaona kitenge. "Nani huyo ndani ya shati?"

"Mpwa wangu, mheshimiwa. Naye katoka kabla ya saa yake."

"Mama yake yupo?"

"Yule pale."

Dhoruba akamtazama Yusta, na Yusta, aliyechoka, nywele timtim, khanga ya hospitali, akamtazama Dhoruba bila kupepesa. Sijui walisemezana nini. Wanawake hao walielewana, mimi sikuambiwa.

"Nimeitwa kukata utepe," akasema Dhoruba. "Nitaukata."

Akaukata. Swichi ikashuka yenyewe. Taa zikazima, friji zikanyamaza, nyaya zote za Njombe zikaacha kuvuma, na Transfoma akalala palepale kwenye ndoo, anakoroma. Kipande cha utepe kilibaki kwenye vidole vya Dhoruba, ncha yake inafuka. Akainama, joto lake likanipita usoni, akaingiza kidole ndani ya shati langu kwa uangalifu mkubwa.

"Ashike," akasema. "Mimi nilipotoka sikupewa kitu cha kushika."

Halafu akaondoka. Hakupita getini. Alipita pembeni, anakusanya gauni lake lililopauka, kama mpita njia yeyote.

Injinia Remigius akaninyang'anya maiki. Ilikuwa imekufa, umeme hakuna, lakini hilo halikumzuia. Midomo yake ilicheza muda mrefu. Waliokaa mbele waliwatafsiria waliokaa nyuma kwamba zoezi limefanikiwa kwa kiwango cha juu, kwamba kamati inajipongeza, na kwamba mwakani watazindua maandalizi ya kujikinga na tetemeko la ardhi, na Tetemeko mwenyewe ameshathibitisha kushiriki. Watu wakapiga makofi, wakaenda kula pilau iliyopoa.

Tukabaki mimi, Yusta na mtoto. Baridi ikaanza kuingia kupitia chini ya mlango.

"Usinyamaze, kaka," akasema Yusta. "Ukinyamaza unapoa."

"Nimemaliza majina yote."

"Wa nyumbani hujawataja."

Kweli. Wageni wote nimewataja, wa nyumbani sijataja hata mmoja. Nikainamisha kichwa kwenye kitenge nikaanza kumtambulishia mtoto ukoo wake, mmoja mmoja. Bibi yake, aliyelima viazi kwenye mteremko ambao hata mbuzi anauogopa. Babu yake, aliyekuwa anaimba kanisani sauti ya nne na nyumbani haongei. Shangazi Leokadia, mwenye kuchelewa kila shughuli na kufika na chakula kingi kuliko wote. Mama yake, huyu hapa. Na mimi mjomba, kazi yangu kuongea. Kila jina nililolitaja, ile miguu midogo ilinipiga mbavuni. Sijawahi kupata hadhira inayosikiliza vile.

Nilikuwa namtafuta mtu mwingine wa kumtaja nilipoamka.

Kumekucha. Nimelala chali, mikono miwili imekumbatia kifua kitupu, koo limenikauka kama nimetoka harusini. Nikatazama juu. Taa niliyoiacha inawaka imezima.

Niliruka kitandani. Nilitafuta simu chini ya mto, chini ya kitanda, ndani ya kiatu, na muda wote huo ilikuwa inalia mezani.

"Kaka," akasema Yusta.

Nikaibana simu sikioni.

"Kaka, upo? Umeme ulikatika alfajiri. Sista akamtoa mtoto kwenye mashine, akaniwekea kifuani, akatufunga na kitenge. Yupo hapa. Ana joto, amenyonya, sasa amelala. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mbona unalia?"

"Ni koo."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu ajifungue. Kisha akashusha sauti. "Sasa kuna jambo. Alikuwa amekunja ngumi, haifunguki. Sista akamfungua vidole polepole, tukakuta kipande cha utepe, chekundu. Ncha yake moja imeungua. Humu ndani hakuna anayeruhusiwa kuingia na kitu, na Sista anaapa si yeye. Wewe ulipokuja juzi ulimwekea?"

Nilikaa kitandani. Shati la suti yangu, nililoliacha limekunjwa kitini, lilikuwa na vifungo wazi mpaka chini.

"Yusta," nikasema, "hapo ulipomlaza, uso wake umeelekea wapi?"

"Dirishani, kwenye jua. Kwa nini?"

"Mwache hivyo hivyo," nikamwambia. "Na utepe mrudishie."